Historia ya Sanaa na Namna ya Kujibu Mtihani Wake

Katika masomo yote tuyafundishayo hakuna somo lituletealo maswali mengi ya wazazi kama Historia ya Sanaa. Kwa habari ya hesabu hakuna aulizaye, maana kila mtu ajua ya kuwa asiyeweza kuhesabu hupunjwa dukani. Lakini mtoto akirudi nyumbani na kusema, "Nasoma habari za picha na sanamu za kale, na mwisho wa mwaka nitapimwa kwa mtihani," mzazi hushika kidevu, kisha hutujia na kusema, "Mwalimu, picha hizo zitamsaidia nini?" Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Tutalijibu, lakini twaomba subira kidogo, maana hatuna budi kueleza kwanza somo lenyewe ni nini, na kwa nini wanafunzi wenye bidii huanguka katika mtihani wake.

Shaka ya namna hii haiko kwetu tu. Mwaka 2016 huko Uingereza, bodi iliyokuwa ikitunga mtihani wa Historia ya Sanaa kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari ilitangaza ya kuwa itauacha. Walimu na wenye elimu wakapaza sauti, na bodi nyingine ikakubali kuuchukua, hata mafundisho mapya yakaanza mwaka 2017. Marekani nako upo mtihani wa somo hili uitwao AP, ambao wanafunzi wake hujifunza kazi 250 zilizochaguliwa toka pande zote za dunia, na baadhi ya kazi hizo ni za Afrika. Mitihani hii haifanani kwa kila jambo, lakini msingi wake ni mmoja. Nao ni huu: jibu limo ndani ya picha. Mwanafunzi aone kwanza. Kisha akitaje alichokiona kwa jina lake. Kisha aseme kitu hicho kinafanya kazi gani. Kuona, kutaja, kueleza. Asiyeifuata njia hiyo hupotea, hata akiwa na mambo elfu moja kichwani.

Tumekaa na wanafunzi jioni nyingi tukisahihisha majibu yao ya mazoezi, na kosa tulionalo mara kwa mara ni lile lile. Swali liliuliza, "Mchoraji amefanya nini ili macho ya mtazamaji yamwendee Yesu?" Mwanafunzi mmoja, tena mwenye bidii sana, alijaza kurasa mbili. Aliandika ya kuwa Leonardo da Vinci alizaliwa mwaka 1452, ya kuwa alifariki Ufaransa mwaka 1519, ya kuwa alipenda kuchunguza maji na ndege na viungo vya mwili. Yote ni kweli, wala hakuna hata moja lililoulizwa. Alikuwa kama shahidi aliyeitwa barazani aeleze jinsi alivyoona ng'ombe akiibwa, naye akaanza kutaja ukoo wa mwenye ng'ombe hata babu wa saba. Wazee watamsikiliza kwa adabu, lakini mwizi hatapatikana.

Basi tuitazame picha yenyewe, maana wengi wenu mnayo, imebandikwa ukutani au imechapwa katika kalenda. Ni ile ya Karamu ya Mwisho, ambayo Bwana Yesu ameketi katikati ya meza ndefu, na wanafunzi wake kumi na wawili wako huku na huku. Picha ya asili imo katika mji wa Milan, Italia, ukutani mwa chumba cha kulia chakula cha watawa wa Santa Maria delle Grazie. Leonardo aliichora kati ya miaka ya 1495 na 1498 hivi. Upana wake ni karibu mita 8.8, na kimo chake karibu mita 4.6.

Mtihani humtaka mwanafunzi ajue mambo manne juu ya kila kazi, nayo huitwa umbo, maudhui, kazi na muktadha. Umbo ni jinsi kitu kilivyofanywa, yaani mistari, rangi, nuru, vifaa na mpangilio wake. Maudhui ni mambo yaonyeshwayo. Kazi ni haja iliyofanya kitu kile kitengenezwe. Muktadha ni mambo ya wakati na mahali yaliyokizunguka kilipozaliwa. Mwenye kuyashika maneno hayo manne ana pembe nne za nyumba, na maneno mengine yote atayapatia chumba chake.

Tuanze na umbo. Neno la kwanza hapo ni vifaa. Desturi ya Waitalia wa siku zile ilikuwa kuchora ukutani kwa freska, yaani kupaka rangi juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, hata rangi ikaukia ndani ya ukuta na kuwa kitu kimoja nao. Kazi hiyo hudumu, lakini yataka haraka, maana lipu haimngoji mtu. Leonardo alipenda kwenda polepole na kurudia, kwa hiyo alipaka rangi zilizochanganywa na yai na mafuta juu ya ukuta mkavu. Matokeo yake ni ya kuwa picha ilianza kubanduka hata kabla yeye mwenyewe hajafariki. Mafundi wa siku zetu walifanya kazi ya kuisafisha na kuiokoa tangu mwaka 1978 hata mwaka 1999. Mwanafunzi akiandika "freska" kwa kuwa tu picha imo ukutani, amekosea. Na kosa lenyewe laonyesha ya kuwa amelikariri neno bila kujua maana yake.

Neno la pili ni mpangilio, yaani jinsi vitu vilivyowekwa ndani ya picha. Wahesabuni wanafunzi wale, mtaona ya kuwa wamekaa watatu watatu, mafungu mawili kuume na mafungu mawili kushoto. Wanainama, wananyosha mikono, wananong'onezana. Bwana Yesu peke yake ametulia, na mikono yake imefunguka juu ya meza, hata mwili wake umefanya umbo la pembetatu. Kila fungu limejaa mwendo, na katikati pana utulivu.

Neno la tatu ni perspektivi. Nalo maana yake ni ufundi wa kukifanya kitu bapa kionekane kuwa na kina. Asimamaye katikati ya njia ya reli na kutazama mbele huona ya kuwa vyuma viwili vinakaribiana hata vikaonekana kukutana mbali. Mchoraji hutumia jambo hilo hilo. Katika picha yetu, fuateni kwa kidole mistari ya dari, kisha mistari ya juu ya mapazia yaliyotundikwa kuta za kando. Yote huelekea mahali pamoja, na mahali hapo ni kichwani pa Bwana Yesu. Nyuma yake pana dirisha lenye nuru ya mchana, na nuru hiyo humzunguka, hata hakuna haja ya kuchora duara la dhahabu kichwani pake kama wachoraji wengi walivyozoea.

Neno la nne ni ikonografia, ndiyo elimu ya kusoma ishara. Mmoja ameshika mfuko mkononi, na uso wake uko katika kivuli kuliko nyuso za wenziwe: huyo ni Yuda. Petro ameshika kisu. Tomaso ameinua kidole kimoja juu. Asomaye ishara hizi hujua pia saa ya habari yenyewe: ni wakati ule Bwana alipokwisha kusema ya kuwa mmoja wao atamsaliti, na neno hilo linapita mezani kama upepo upitavyo juu ya mtama.

Sasa rudieni swali la kwanza, "Mchoraji amefanya nini ili macho yamwendee Yesu?" Je, si jepesi? Mwanafunzi ataandika hivi: "Leonardo ametumia perspektivi, maana mistari ya dari hukutana kichwani pa Yesu, na macho huifuata. Tena amemweka mbele ya dirisha lenye nuru. Tena amemfanya mtulivu katikati ya watu wenye mashaka." Sentensi tatu, na kila moja ina kilichoonekana, jina lake, na kazi yake. Sentensi hizo zina uzito kuliko kurasa mbili za wasifu.

Baada ya maneno, twende kwenye werevu wa mtihani wenyewe. Jambo la kwanza, mwanafunzi alisome neno liamrishalo. "Taja" lataka jina tu. "Eleza" lataka jina na sababu. "Chambua" lataka avunje kitu vipande vipande na kuonyesha jinsi vipande vinavyofanya kazi pamoja. "Linganisha" lataka kufanana na kutofautiana pia. Wengi hujibu "taja" kwa ukurasa mzima na "chambua" kwa mstari mmoja, saa ikawaishia mikononi. Tena, mwanafunzi aliyeambiwa karne ya 15 akumbuke ya kuwa hiyo ni miaka ya 1401 hata 1500, si miaka ya elfu moja na mia tano. Kosa dogo la namna hii huharibu jibu zuri.

Jambo la pili ni kulinganisha. Tuseme mwanafunzi apewa picha ya Leonardo pamoja na Karamu ya Mwisho ya Andrea del Castagno, iliyochorwa kwa freska mwaka 1447 katika nyumba ya watawa wa kike wa Sant'Apollonia, mjini Florence. Mwanafunzi dhaifu huandika habari zote za picha ya kwanza, kisha habari zote za picha ya pili, na kumwachia msahihishaji kazi ya kulinganisha. Mwanafunzi hodari huchukua jambo moja moja na kuziweka picha zote mbili chini yake. Kwa kazi, zafanana: zote mbili zilichorwa ukutani mwa chumba cha kulia, ili watawa wale chakula chao mbele ya meza ya Bwana. Kwa vifaa, zatofautiana, kama tulivyokwisha kueleza. Kwa mpangilio, Castagno amemtenga Yuda na kumweka peke yake upande wa pili wa meza, hata mtoto mdogo amjua mara moja; Leonardo amemweka katikati ya wenziwe, hata hatuna budi kumtafuta. Kisha mwanafunzi aongeze neno moja la kueleza: ukimtenga msaliti, mtazamaji hutulia, maana amekwisha kumjua, ukimchanganya na wengine, mtazamaji huona mashaka yale yale waliyoyaona mitume. Hapo ulinganishi umezaa matunda.

Jambo la tatu huwatia hofu kuliko yote: picha wasiyopata kuiona. Mtihani wa AP huwa na swali la namna hii. Mwanafunzi huonyeshwa kazi ngeni, akaambiwa aseme ni ya nani au ya watu gani, na kwa sababu gani. Wengi hubahatisha jina na kukaa kimya. Kumbe msahihishaji hatafuti jina tu, bali sababu pia. Mwanafunzi aanze na anachokiona, akikilinganishe na kazi aijuayo, kisha aseme, "Umbo hili lafanana na lile kwa jambo hili na hili." Ni kazi ya mfinyanzi wa zamani, ambaye hutazama mdomo wa chungu na kusema kimefinyangwa kijiji gani.

Jambo la nne, asidhani ya kuwa kila kazi ni ya kutundikwa ukutani. Katika kazi zile 250 imo lukasa ya Waluba wa Kongo, ubao wa mti wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga. Wajuzi wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu ya shanga hizo, wakasimulia habari za wafalme na asili ya nchi yao. Atakayeieleza lukasa kwa rangi na umbo tu ameacha nusu ya jibu. Hapo neno kubwa ni kazi: ni kitu cha kusomwa kwa vidole na kwa kumbukumbu, na kinywa cha msimulizi ni sehemu yake.

Jambo la tano, mitihani hupenda kuuliza ni jambo gani limedumu na ni jambo gani limegeuka. Mfano ulio karibu nasi uko Murang'a, Kenya. Mwaka 1959 Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu chini ya Kilimanjaro, alichora ukutani mwa kanisa lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakikuyu Wakristo waliouawa siku za Mau Mau. Alichora habari za Bwana Yesu tangu kuzaliwa kwake hata kusulubiwa, lakini watu wa picha zile ni Waafrika, na milima na miti ni ya nchi ile. Limedumu nini? Maudhui ni yale yale yaliyochorwa Milan na Florence, na ukuta wa nyumba ya dini ni ule ule. Limegeuka nini? Nchi, nyuso, na huzuni ya watazamaji. Mwanafunzi akiulizwa muktadha ni nini, na aeleze ukuta wa Murang'a. Hatahitaji ufafanuzi mwingine.

Sasa twalirudia swali la mzazi, maana hatukulisahau. Picha hizo zitamsaidia nini?

Mnajua vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, nguzo za mti zilizochongwa na kusimamishwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Lakini wezi walikuja usiku, wakaving'oa, na wafanya biashara wakaviuza ng'ambo kama mapambo. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Marekani alimpiga picha mzee mmoja akisimama mbele ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wenye elimu ya mambo ya Afrika huko Marekani, mwenziwe alionyesha picha za vitu vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho, na yule mtaalamu akakitambua kimoja kuwa ndicho kile kile cha picha yake. Cha pili nacho kikapatikana katika makumbusho mengine. Vyote viwili vikarudi Kenya, na mwaka 2007 vikakabidhiwa ukoo wenyewe.

Vilirudishwa na nini? Si bunduki, wala si fedha. Vilirudishwa na jicho lililozoea kutazama umbo kwa makini, pamoja na kumbukumbu iliyosema kitu hiki kilisimama wapi, cha nani, kwa kazi gani. Katika somo letu safari ya kitu toka kwa mwenyewe hata mahali kilipo leo ina jina lake. Sisi twaiita mapito ya kitu, na mwanafunzi hufundishwa kuiuliza daima: kilitoka wapi, kilipita mikononi mwa nani, nani aliruhusu? Wako wazee wengi ambao vitu vya baba zao vilichukuliwa, nao hawakuweza kuvidai kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika umbo lake, alama zake na kimo chake. Walisema, "Kilikuwa kizuri, tena cha kale." Kwa maneno hayo hakuna jumba la makumbusho litakalofungua mlango.

Hilo ndilo jibu letu, ndugu wazazi. Mtoto aliyejifunza kuona, kutaja na kueleza huwa shahidi wa kuaminika, iwe mbele ya msahihishaji, iwe mbele ya hakimu, iwe mbele ya mfanya biashara ajaye na noti mfukoni kununua kiti cha babu. Anajua thamani ya alicho nacho, naye ana maneno ya kuisema.

Wala msingoje shule ifanye kazi yote. Nyumbani mna vitu vingi vya kumzoeza: mkeka, kikapu, mlango wa kuchongwa, chungu, hata picha ile ya kalenda. Kiwekeni kitu kimoja mbele ya mtoto, mkae pamoja naye kwa muda, mkamwulize: Waona nini? Kile ukionacho chaitwaje? Nacho chafanya kazi gani hapo? Akisema, "Ni kizuri," mwambieni aendelee kutazama. Na jina la ususi au nakshi asilolijua yeye, mwulizeni bibi yake, maana huenda ndiye peke yake akumbukaye, na maneno hayo yataka kuandikwa kabla hajatuacha.